Shikamoo Iliyoua Dawa

Nilikuwa na miaka tisa nilipopewa kazi ambayo mtoto mwenye mdomo kama wangu hakupaswa kupewa: kuchuma dawa kimya kimya.

Tuliishi Usagara, nje kidogo ya Mwanza, na bibi yangu mzaa baba alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Jembe lilimkwaruza tu. Misimu miwili ya mahindi ikapita, kidonda kinaziba na kufumuka tena, mpaka kikawa kama mtu wa nyumbani. Wageni walimjulia hali bibi, kisha wakaujulia hali mguu. Baba, aliyekuwa akifanya kazi mjini, kila Jumapili alikuja na wimbo uleule.

“Mama, twende hospitali.”

“Niende wakaukate? Utakuja kunilimia wewe?”

Jirani yetu mmoja alikuwa amekatwa mguu, na bibi hakuhitaji ushahidi mwingine.

Dawa yake ilikuwa mshubiri ulioota kwenye mawe nyuma ya shamba. Masharti yake: achume mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, umande ukiwa bado haujakauka. Majani ayafiche ndani ya kanga, na asifungue kinywa mpaka ayafikishe jikoni. Akitamka neno, dawa imekufa, itupwe. Bibi aliyasema haya bila mbwembwe, kama unavyomwambia mtoto afunike maziwa.

Shida ilikuwa Mzee Masanja. Asubuhi alipitisha ng’ombe wake njia ileile, na kwetu kumpita mzee bila shikamoo ni kumtukana hadharani. Siku ya kwanza nilipiga goti, nikainamisha kichwa, nikapita.

“Huyu amekuwa bubu lini?” akawauliza ng’ombe.

Siku ya tano akaweka fimbo katikati ya njia.

“Wee Kabula, mdomo umeuacha wapi? Ndiyo mnayofundishwa shuleni, eh? Leo hupiti.”

Ng’ombe wamenizunguka, ute wa mshubiri unanichuruzika hadi kwenye kiwiko.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Kumbe unayo!”

Nilipaswa kutupa majani na kurudi kwenye mawe. Lakini kengele ya shule ilikuwa inakaribia, na fimbo za wachelewaji nilizijua. Nikaipeleka dawa iliyokufa jikoni. Bibi akachemsha maji ya chumvi kama kawaida, akanawa mikono, akaosha kidonda, akapaka ule ute. Mimi nikaenda shule.

Siku nne baadaye mguu ulivimba, na harufu ikafika uani. Bibi aliacha kula, nami nikaacha, ingawa kwangu hakuna aliyegundua. Jumapili Baba alipokaa tu kwenye kigoda, kabla hajaanza wimbo wake, nikaangua kilio.

“Ni mimi! Nilimsalimia Mzee Masanja!”

Bibi akaniita karibu. Nilisubiri kofi.

“Ulimwambia nini?”

“Shikamoo tu.”

“Na majani ukaniletea hivyo hivyo?”

“Ndiyo, bibi.”

Akautazama mguu kama mtu anavyomtazama mbuzi ambaye hana budi kumuuza. Kisha akamgeukia Baba.

“Umesikia? Dawa imekufa. Sasa nitafanyaje? Haya, nipeleke huko kwenu.”

Huko walimpima wakakuta sukari, ambayo kwa misimu yote miwili hakuna aliyekuwa ameipima. Walikisafisha kidonda, wakamwanzishia dawa. Vidole viwili vya mguu havikurudi nyumbani. Mguu ulirudi, na mvua zilizofuata bibi alilima, polepole, akilalamikia viatu alivyolazimishwa kuvaa.

Siku hizi niko maabara, hapa Mwanza, na mimea ya vidonda ndiyo kazi yangu. Ute wa mshubiri hutunza unyevu wa kidonda, na baadhi ya viambato vyake huzuia vijidudu kwenye kisahani cha maabara. Kisahani si mguu wa mtu, kwa hiyo nasema hivyo na kuishia hapo. Sina subira na wauza chupa za stendi zinazotibu kila kitu, wala na wasomi wenzangu wanaomcheka bibi kama vile wao ndio waliompima sukari. Maji ya chumvi na mikono safi alipatia. Sukari ilikuwa kwenye damu, na jani lile lilipakwa juu ya ngozi.

Kwa miaka mingi niliamini nilikaribia kumuua. Nilipomaliza chuo nikamuuliza kama kweli aliamini kwamba shikamoo yangu iliua dawa. Alikuwa anachambua mchicha, wala hakuinua kichwa.

“Ulitaka nimwambie baba yako kwamba ameshinda?”

Wanafunzi wangu wakiniletea majani kutoka kwenye mawe ya Pasiansi, huwauliza kwanza kama wamesalimia watu njiani. Wanadhani nawapima adabu.

“Tumesalimia, dokta.”

“Vizuri,” nasema, na kuchukua kisu.