Seramu Iliyopunguzwa Ukali

Hakuna mtu mtaani Umoja aliyewahi kumshika Norah na uongo, na yeye mwenyewe alijua hilo, wala hakuona haja ya kulificha. Tangu mumewe Phares alipostaafu kazi ya reli, Norah aliendesha kiduka cha mafuta ya ngozi kwenye kile chumba walichokiongeza mbele ya nyumba. Wanawake walikuja kwa sababu ya mdomo wake kuliko mafuta yenyewe.

Ungemletea kichupa na kumwambia kinaondoa makunyanzi, angevaa miwani kwanza. Angekigeuza asome yale maandishi madogo ya nyuma. Viungo huanza na kilicho kingi na kuishia na kilicho haba, kwa hiyo kama dawa inayotangazwa mbele kwa herufi kubwa imeandikwa mkiani, baada ya manukato, basi umeuziwa harufu. Ndivyo alivyowaambia wachuuzi wa seramu za bei poa, mbele ya wateja wao, bila haya.

Seramu moja tu ndiyo iliyompendeza. Ilikuwa ya bei ya chini, yenye retinoli, dawa yenyewe ya makunyanzi, iliyoandikwa mahali pa heshima, karibu na mwanzo. Hata hivyo hakuiuza mpaka alipoijaribu kwa miezi kwenye shavu la kulia, huku la kushoto akilipaka mafuta yake ya kawaida. Phares akawa anamtania kwamba sasa ameoa wake wawili. Makunyanzi ya pembeni mwa jicho la kulia yalilainika polepole, naye akawaambia wateja ukweli: hayaishi, yanapungua, na ukikaa juani bila kujikinga unajisumbua bure. Akanunua chupa kubwa, akawa anauza kwa kupima, jinsi mafuta ya kupikia yanavyopimwa mtaani.

Alasiri moja akamwambia kitinda mimba wake Lorraine, binti mtu mzima anayemshikia duka akienda mikutano ya kanisa, kwamba ni wakati wa kuagiza chupa nyingine. Lorraine akasema hakuna haja, iliyopo imejaa. Norah akaiinua chupa, na kweli ilikuwa imejaa hadi shingoni. Aliinunua kabla ya Krismasi, na sasa mvua ya Aprili ilikuwa imekwisha.

"Lorraine, mbona hii haijaisha?"

"Si ni wewe ulisema nipunguze ukali, Mum? Ilikuwa inachoma watu."

Alisema, ndiyo. Wateja walikuwa wamelalamika kwamba inawasha na kuwabambua ngozi, naye akaagiza ukali upunguzwe. Alitaka waambiwe wapake kidogo, usiku mmoja wapake, unaofuata waruke. Lakini Lorraine aliyasikia maneno hayo kama yanavyosikika katika jikoni yoyote ya Eastlands, ambapo kilicho kikali huongezewa kitu. Alitia gliserini na maji ya waridi. Kila chupa ilipopungua, akaongeza tena, kama ile sabuni ya vyombo ambayo haiishi katika nyumba ya mtu, inazidi tu kuwa nyepesi. Malalamiko yakakoma, sifa zikapanda.

Norah akaketi. Akaligusa shavu la kulia, lile alilolipaka kutoka chupa hiyohiyo na kuwaonyesha watu kama shahidi wake. Shavu lilikuwa zuri! Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Gliserini huvuta maji kwenye ngozi, mikunjo midogo ya ukavu ikajaa ikafichika, basi. Ni kitu kizuri, kipo katika kila duka la dawa, lakini sicho alichowaapia watu. Aliona aibu ya kweli, na aibu ikaja na woga.

Kabla hajaamua la kufanya, Kavindu akaingia. Huyu ni rafiki yake wa mtaa wa Tena tangu watoto wao wakiwa chekechea, na ndiye aliyemletea kama wateja nusu ya wanawake wa chama chao cha kuweka akiba. Mwanawe Kyule alikuwa anaoa, kwa hiyo mama wa bwana harusi alitaka apimiwe ya kutosha. Norah alijikaza akamweleza yote bila kubakisha: ukali, gliserini, kuongeza na kuongeza. Akamwambia seramu imekwisha kitambo, asipoteze pesa zake hapa, na gliserini aitafute popote.

Kavindu alisikiliza akiitazama chupa, kisha akalitazama shavu la Norah.

"Mama Lorraine, hiyo umemwekea nani?"

Norah akasema hajamwekea mtu, ni gliserini na maji tu.

"Imejaa hadi shingoni, na uso wako ndio huo," Kavindu akasema taratibu. "Miaka yote hii hujawahi kunidanganya. Ungeniambia tu ya kwamba hiyo nzuri imewekewa wenyewe, si sisi."

Akafunga mkoba wake akatoka, na Norah alipomwita hakugeuka. Kesho yake wakaja wanawake wawili wa chama. Walimsalimu kwa adabu nyingi, wakauliza kwa sauti ya chini wafanye nini ili nao wauziwe ile ya wenyewe.