Siku Tuliyopiga Video ya "Kalamu"

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa shoti. Sisemi shoti ya kamera, nasema umeme. Mkuu wa Kitengo cha Sinema aliniambia nishike taa, nikaishika na mikono yangu ya jasho, ikanitupa chini mbele ya wanaume wote. Akaja akanichungulia. "Umekufa?" Nikasema hapana, mzee. "Basi inuka, na kesho uje na ndala za mpira." Ndivyo nilivyokaribishwa mimi, mwanamke, katika kazi ya picha. Sikulia pale. Nililia nyumbani.

Kitengo kilikuwa cha serikali. Tulikuwa na gari la sinema, Landrova yenye projekta na jenereta, tukizunguka vijijini kuonyesha picha za kilimo cha pamba na uchimbaji wa vyoo. Mimi nilibeba kamera ya begani, nzito kama mtoto mkubwa anayegoma kutembea. Kisha ukaja wakati wa ruksa na soko huria, wakatupunguza kazi. Nikaangukia studio ya mtu binafsi pale Mwanza mjini, kupiga harusi na vipaimara. Bosi wangu mpya, Meneja Uzalishaji, alikuwa Mhaya msomi, havui tai hata jua likiwaka vipi, na Kiswahili chetu sisi Wasukuma kilimuumiza masikio. Ukimwambia "habali za asubuhi", anakujibu, "Habari, mama. Ha-ba-ri." Tukamzoea.

Nyie vijana mnapiga video kwa simu, mnafuta, mnarudia, mnaringa. Sisi tulikuwa na kanda. Ukimaliza kupiga unakaa na deki mbili, moja inacheza, nyingine inarekodi, unaunga kipande kwa kipande mpaka macho yanatoka machozi. Huko ndiko kuhariri. Ukikosea katikati unaanza upya, na hakuna wa kukupa pole.

Basi akatokea Kabula, msichana wa Sengerema. Disko zote za Mwanza zilikuwa zinapiga nyimbo zake, na wauza sato kule mwaloni, kwenye soko la samaki, walikuwa wakizikatikia huku wameshika visu. Akatoa kibao kipya cha kucheza, akataka video, ya kwanza katika maisha yake, ipelekwe kwenye televisheni za Dar zilizokuwa ndiyo kwanza zinaanza. Alipiga simu studio, Meneja akapokea, mimi nikiwa pembeni nasikia.

"Wimbo unaitwaje?"

"Kalamu."

"Kalamu! Safi sana, binti. Una ujumbe wa elimu."

Halafu Kabula akamweleza jambo jingine. Alipokata simu akanigeukia. "Baba yake anakuja. Tangu binti aingie kwenye muziki, mzee hajawahi kumwita mwanangu. Wimbo huu amemtungia yeye. Mama, siku hiyo kamera yako isimkose huyo mzee."

Sasa sikilizeni kilichotuponza. Ofisini kwetu tulizoea kuwasahihisha watu kichwani. Mtu akisema "lafiki", unasikia rafiki, kazi inaendelea. Lakini kalamu ni neno zima, halina kasoro hata kwa Meneja. Nani angelisahihisha? Kaseti ilipofika tuliisikiliza wote: "Kalamu iko tayali, baba kaa mbele, kila mtu apate." Nikaona picha nzima. Darasa, watoto, kila mtu na kalamu yake.

Tukapanga madawati kwenye nyasi za ufukweni, Pasiansi. Ubao tukauegemeza kwenye jiwe kubwa. Fundi akatuchongea kalamu ya plaiwudi, ndefu kuliko mtu, akaipaka rangi ya bluu, tukaisimamisha kwa kamba. Wacheza shoo tukawavika sare za shule, sketi zimekatwa, na zilikatwa kweli! Meneja alizunguka seti yake anasugua viganja kwa raha.

Pikapu ikaja kutoka kivukoni. Wakashuka Kabula na mashangazi zake, wakashusha masufuria ya pilau, nyama, michembe ya viazi vikavu, masinia ya kukopa kijiji kizima. Nikajiuliza, hawa wanakwenda harusini? Mwisho akashuka baba yake Kabula, Mzee Masanja mwenyewe, kavaa koti zito, kofia mkononi. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Akaitikia vizuri, hata akatabasamu. Kisha akaiona ile kalamu.

"Hii nini?"

"Kalamu, mzee!" Meneja akajibu kwa furaha. "Ndiyo wimbo wenyewe wa binti yako!"

Mama yangu! Nimepiga picha misiba mingi, lakini uso ule sijauona tena. Ulikufa papo hapo. Shangazi mmoja akaninong'oneza, "Mmefanya nini nyie? Huyu ndiye aliyemtoa Kabula darasa la nne akachunge ng'ombe. Mtoto alilia mpaka akaugua." Nikaishusha kamera kutoka begani.

"Kabula," mzee akasema taratibu. "Umeniita toka Sengelema, na dada zangu hawa, kuja kunionyesha kalamu? Nchi nzima ijue kwamba nilikunyima shule?"

"Hapana, baba! Mimi nilisema kalamu!"

"Si hii hapa?"

"Siyo hiyo kalamu! Kalamu!"

Jamani! Kila akijieleza anazidi kujizamisha. Meneja naye kapigwa butwaa, anatazama huku na huku. "Sasa mnataka kalamu gani? Ya wino au ya risasi?"

Mzee akageuka, akaanza kurudi kwenye pikapu. Kabula alilirukia sufuria, akafunua, akachota pilau ya moto kwa mkono na kujitia mdomoni, machozi yanamtoka. "Kalamu ya kula, baba! Watu wanakaa wanakula! Nilitaka ukae mbele, uanze wewe!"

Meneja mdomo ukabaki wazi. "Ka-ra-mu," akasema. "Mungu wangu. Karamu." Akaketi chini kwenye nyasi, na tai yake. Hakuna aliyecheka.

Mzee Masanja alikuwa ameshashika mlango wa gari, akauachia. Kisha akarudi, akapita kwenye masufuria bila kuyatazama, akaenda mpaka kwenye ile kalamu, akaigusa. "Kumbe ulikuwa unaniita kula," akasema. "Mimi niliyekunyima hii." Akajikunja kwenye dawati la mbele, magoti yakagonga ubao wa juu. Kabula akamwekea sinia hapo hapo dawatini. Sikusubiri amri ya Meneja. Nikawasha kamera, wimbo ukafunguliwa kwenye spika, wacheza shoo wakaanza kucheza na mzee akaanza kula.

Nimestaafu, nakaa Buhongwa, mgongo umegoma kwa sababu ya ile kamera. Kazi ilinipa mabosi wa kila namna, na nadhani niliwaheshimu wote, isipokuwa siku Bwana Mkurugenzi, mwenye studio, aliponiamuru nimkate yule mzee kwenye video kwa kuwa anaharibu wimbo wa kucheza. Nilikataa, nikamwambia aniachishe kazi akitaka. Hakuniachisha, na video ikaenda Dar hivyo hivyo.

Vijana wakiiona leo huniuliza maana yake, mzee kala pilau juu ya dawati chini ya likalamu. Wanadhani ni usanii mkubwa. Tena wanasema mzee alijua kuimba, mbona anafuatisha maneno kwa midomo? Hawajui kwamba kwenye video ya muziki sauti ya pale mahali tunaitupa yote, tunabandika wimbo juu yake. Mimi nilikuwa karibu naye, nilimsikia. Alikuwa amesogea pembeni ya dawati, anapapasa nafasi iliyobaki, anasema, "Mwanangu, kaa hapa na wewe ule."