Swali lenye tulimuuliza marehemu yaya

Admin, jina langu ulifiche, mji usiufiche: ni Bukavu. Niko mwanamuke wa miaka 63, mujane, ninaishi Nguba na goti moja yenye inanisumbua. Sikuzoea kutoa mambo yangu kwa simu. Lakini kwa nyumba siko na mwenye naweza kuuliza, juu mwenye ningemuuliza ndiye iko na shida na mimi.

Wakati wa Zaïre, yaya wangu, dada yangu mukubwa, alianzisha muchezo. Tuliuita Simama Ujibu. Anaimba gitaa kidogo kwa mudomo, kisha anakunyooshea kidole: orchestre gani? Nani anaimba wa pili? Ule mwaka kitambaa gani kilitoka ku soko ya Nyawera, na wanawake walikipatia jina gani? Footballeur gani alikosa penalty? Ukishindwa kujibu, unasimama mpaka utakapojibu ingine. Yaya alikuwa mubishi, wa kucheka sana, na hakuhurumia mutu. Kuna papa moja, mzee wa ofisi, na abacost yake, suti ya wakubwa wa wakati ule, ya kupasiwa vizuri, alisimama kwetu mchana muzima.

Muchezo ukatembea, Kadutu, Bagira, hata Uvira. Watu wakaanza kuucheza ku matanga, juu kukaa na wafiwa ni kurefu na machozi nayo inachoka. Kule ku matanga ndiko kanuni ingine ilizaliwa: swali la mwisho linaulizwa kwa marehemu, swali lenye yeye peke yake anajua jibu yake. Kisha wote wananyamaza, muchezo umefungwa. Hakuna mwenye anaruhusiwa kujibu pa nafasi yake. Walisema mwenye anajibu pa nafasi ya marehemu anamufuata.

Yaya alikufa ku maternité. Mutoto, musichana, alitoka muzima. Siku ya mwisho ya matanga, kwa parcelle yetu, kiwanja ya nyumba, courant ya umeme ilikuwa imekatika tangu asubuhi, mvua inapiga bâche, ile turubai ya matanga, mimi nimebeba mutoto kwa mapaja. Alilia siku ile mpaka sauti ikakauka, hata maziwa haikumunyamazisha. Mama mukubwa akaniambia: "Wewe ndiye mudogo wake. Funga muchezo." Nikauliza: "Yaya, wimbo gani ulikuwa unapenda?" Juu kweli, yeye alituuliza sisi wote maisha yake yote, na sisi hatukumuuliza hata siku moja.

Watu wakanyamaza. Pale pale courant ikarudi. Radio-cassette yake ilikuwa kwa chumba chake, hakuna mwenye aliigusa tangu aende kuzaa. Ikaanza kuimba, katikati ya wimbo, pale yeye aliuachia.

Najua mutasema bouton ya radio ilibakia ya kufinywa. Hata bwana yangu alisema vile. Lakini alisema kisha, juu pale pale alikimbia pamoja na wengine na kiatu chake kimoja kikabakia kwa matope. Mimi sikukimbia. Mutoto alikuwa amenyamaza. Alifungua macho, akasikiliza mpaka mwisho.

Habari ikaenea mji muzima. Hakuna familia ilitaka tena Simama Ujibu kwa matanga yao, kisha hata kwa sikukuu. Muchezo ukaisha. Mimi ule wimbo, nikiusikia kwa jirani, ninafunga madirisha. Na kuna siku ninausikia wakati kwa jirani hakuna courant.

Ule mutoto nilimulea mimi. Ananiita Maman. Leo iko mwalimu wa secondaire hapa Ibanda. Juzi aliandika muchezo wa mama yake ku encyclopédie ya internet, ile yenye kila mutu anaweza kuongeza kitu, na akaweka jina la mama yake pale juu. Wenye wanaichunga wakamujibu kwamba huu muchezo haustahili ukurasa wake: hakuna gazeti, hakuna kitabu chenye kinautaja. Moja akaandika: "Kama mji muzima uliucheza, kwa nini uliisha bila alama?" Wanataka kuufuta. Nilikasirika mimi. Michezo ya maswali ya Wazungu, yenye inauzwa kwa carton, iko na kurasa ndefu kule. Yetu haikuwa na carton. Ilikuwa na yaya wangu.

Mutoto akatafuta radio ya hapa mjini, watanihoji jumamosi ili kuwe ushuhuda.

"Maman, ni wewe tu unabakia," akaniambia. "Utawaeleza vile ulianza na vile uliisha. Kaburi yake, watu bashajenga nyumba juu yake. Ule ukurasa ndiyo fasi moja tu jina yake iko."

Nikamujibu goti inaniuma. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Basi unijibie moja tu, haiko ya radio, iko ya mimi. Mama mwenye alinizaa, wimbo gani alikuwa anapenda?"

Admin, ni lile swali langu, ni kama alilisikia pale kwa mapaja yangu. Nikatazama chini.

"Tangu niko mutoto," akasema, "nikikuuliza juu ya mama, unanyamaza. Unanyamaza sawa vile ni mimi ndiye nilikufa."

Hakupaza sauti. Akaosha sahani, akaenda kwake, na tangu pale hapigi simu.

Jina la wimbo liko kwa ulimi wangu hata sasa, na ona, hata hapa sijaliandika. Kumufuata yaya siogopi, niko karibu kwenda. Ninaogopa mutoto aanze kuusikia vile mimi ninausikia, kwa nyumba yenye haina courant. Lakini nikikumbuka, sisi wote mule ndani, ni yeye peke yake ule wimbo ulimutuliza.

Ninyi wenye munasoma, na zaidi ninyi wa Bukavu wenye yaya aliwasimamisha kwa parcelle yetu, munisaidie kufikiri mbele ya jumamosi. Kwa kanuni yake, mwenye anashindwa kujibu anasimama. Mimi nimesimama tangu siku ile ya mvua, na sasa goti inakataa. Nimujibu mutoto, nikae? Ao niendelee kusimama?