Tahadhari ya Upepo na Karai la Mama Akinyi

Nilikwenda ufuoni Uyoma kwa sababu ya alama iliyokaa mahali pasipofaa kwenye ramani. Hiyo ndiyo sababu niliyompa meneja. Ya pili sikuisema.

Mimi ni karani wa kampuni ndogo inayonunua samaki aina ya mbuta ufuoni na kuwaleta Kisumu kwa barafu. Nilisoma hadi kidato cha pili. Moja ya kazi zangu ilikuwa kuangalia utabiri wa hewa na kuupeleka kwenye programu ya mazungumzo ya kazini, ili wenzetu wa boti ya kukusanyia samaki wajue kama waende visiwani au wakae. Mdogo wangu Okoth alikuwa mmoja wao. Msimu wa mvua uliopita, onyo la upepo lilifika kwenye simu yangu nikiwa chumba cha mizani pale Kisumu, glavu zimelowa. Nikasema nimalize kreti hizi kwanza. Nililipeleka baada ya dakika arobaini. Boti ilipinduka. Wawili waliokolewa, Okoth hakuokolewa. Kwa desturi ya huko mitumbwi yote ililala mchangani hadi alipopatikana, siku ya tatu.

Baada ya mazishi sikuweza kutulia. Mwenzangu wa ofisini alichoka kuniona nikiinuka kila mara kwenda dirishani, akanionyesha huduma ya mtandaoni inayounganisha programu mbili bila mtu kuandika msimbo wa kompyuta. Unachagua tukio: upepo ukizidi kasi fulani. Unachagua mahali. Unachagua chaneli ya kupokea ujumbe, unaandika maneno yenyewe, unabonyeza kujaribu. Nilimaliza kabla chai haijapoa. Iliniuma kuona kwamba kazi niliyoikosea ingeweza kufanywa na kitu kisichovaa glavu.

Kosa langu lilikuwa kwenye mahali. Niliandika Kisumu, kwa kuwa ndiko ofisi iliko. Wiki hiyo tahadhari zikaja mfululizo. Onyango, mwenye usukani wa boti, aliandika: "Achieng, hiyo mvua na upepo wake ni yenu. Huku ni jua, tunaanika omena." Siku upepo ulipowapiga kweli, chaneli ilinyamaza. Onyango akaandika tena: "Tumezima sauti ya hii kitu." Hapo ndipo nilipoomba ruhusa ya kwenda.

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Obunga, Kisumu. Dereva wetu Barasa, mtu wa Bungoma, alinichukua kando ya barabara na pikapu yenye masanduku ya barafu.

"Leo karani ametoka kivulini!" akasema. "Weka mfuko nyuma."

"Acha nikae nao."

Ndani ya mfuko kulikuwa na simu mbili, yangu na ya Okoth. Nyumbani waliniachia niitunze, nami nimekuwa nikiichaji kila jioni. Jina lake lilikuwa bado kwenye chaneli ya kazi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitoa.

Otonglo tulisimama kununua mandazi. Nilishika langu bila kula.

"Kula, dada," Barasa akasema. "Maiti ndio hawali." Kisha akasikia alichosema. Akawasha gari haraka, tukaondoka.

Pale Kisian tuliacha barabara ya Busia, tukashika ya Bondo. Tulipita Holo, mawe makubwa yakiwa yamekaa mashambani kama ng'ombe waliolala. Mbingu ilikuwa safi na bado niliitazama simu kila kilima. "Hiyo simu utaichubua ngozi," Barasa akasema, na safari hii nilicheka kidogo. Ndori tulikata kona kuelekea ziwani. Nilipoona maji kati ya miti ya ojuok, ile minyaa ya ziwani, niliuvuta mfuko karibu. Sikuwa nimerudi huko tangu tulipomchukua Okoth.

Saa tatu unusu, ufuoni. Mama Akinyi, auzaye chai karibu na mizani, ndiye aliyenitambua kwanza. "Nyamin Okoth!" akaita. Dada yake Okoth. Alinishika mkono kwa muda mrefu, halafu akanimiminia chai bila kuuliza.

Onyango alikuja akijipangusa mikono. "Mama Mvua amefika! Umetubebea tahadhari ngapi leo?"

"Nimekuja kuihamisha," nikamwambia. "Mvua ya Kisumu ibaki Kisumu."

Nilisimama ukingoni, nikaweka alama ya ramani pale nilipokanyaga. Nikaongeza nyingine kwenye njia ya kwenda visiwani, Onyango akinionyesha kwa kidole. Kisha nikamuuliza ni upepo gani huwarudisha. Hakujua kwa kilomita. Alikumbuka siku mbili walizogeuza njiani, maji yalipoanza kutoa povu. Tulitafuta rekodi za upepo za siku hizo, nikaweka kiwango chini kidogo ya hapo.

Sauti ya chaneli walikuwa wameirudisha jana yake, nilipowaomba. Nikabonyeza kujaribu.

Simu yangu ililia mkononi. Ya Okoth ililia mfukoni. Wanaume watatu wa boti, Onyango mmoja wao, walisimama mbele yangu mikono mitupu, bila simu kulia mifukoni mwao. Sauti nyingine zilitoka nyuma, kwenye karai la plastiki la Mama Akinyi, chini ya kitambaa.

"Mbona simu ziko humo?"

"Kwani utapeleka simu kwa maji?" Onyango akasema. "Ikianguka, ni samaki watapokea."

Wakacheka. Mama Akinyi akaeleza kwamba ndivyo wafanyavyo siku zote. Anayeingia botini humwachia simu, akirudi huichukua na kunywa chai.

Sikucheka. Nilikuwa nimeikumbuka simu ya Okoth jinsi ilivyoletwa nyumbani: kavu, inawaka. Miezi yote hiyo sikuwahi kujiuliza ilikuwaje mtu azame na simu yake ibaki kavu.

"Na siku ile?" nikauliza.

Mama Akinyi akaweka birika chini. "Ya Okoth ilikuwa hapa. Ililia. Nilidhani ni mambo ya ofisi. Mimi si mtu wa kampuni, mama. Sifungui simu za watu."

Basi nikasema nilichokuja nacho. Niliwaambia habari za chumba cha mizani, kreti na dakika arobaini. Onyango alikuwa botini siku ile. Alitazama maji, si mimi.

"Wakati ujumbe wako unafika, tulikuwa tumetoka saa nzima," akasema. "Ungetuma mapema, ujumbe ungelia mapema ndani ya karai." Kisha akaongeza: "Lakini ilikupasa utume."

"Ndiyo. Ilinipasa."

Nilitoa simu ya Okoth mfukoni, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikampa Mama Akinyi. Nilimwonyesha ujumbe wa tahadhari unavyoonekana na mahali pa kujibu. "Hii si ya karai," nikasema. "Hii ikae kiunoni mwako." Alifungua leso nyekundu aliyojifunga, tukaifunga kwenye upondo mrefu. Ikipanda, boti irudi. Kutoka visiwani leso haionekani, hilo tulilijua, kwa hiyo Onyango alikubali kubeba simu moja ndani ya mkebe wa plastiki wenye kifuniko. Alikubali akinung'unika.

Walitoka saa tano. Saa nane kasorobo, chaneli ililia: upepo unakuja, rudini. Mama Akinyi aliacha mteja na kikombe, akasimamisha upondo mchangani. Mimi sikuweza kusimama mahali pamoja. Nilitembea kutoka mizani hadi mitumbwini, nikarudi, nikaenda tena, hadi viatu vikajaa mchanga. Boti ilikuwa doa. Kisha doa likageuka.

Upepo ulikuja wakiwa wameshafika. Haukuwa mkubwa sana. Huenda wangerudi salama hata bila sisi, na sitasema vingine. Onyango alipita karibu nami akiwa amelowa, mkebe kwapani.

"Karani," akasema, "hii mvua sasa ni yetu."

Jioni tulirudi kwa barabara ileile, samaki nyuma, barafu ikidondoka. Baada ya Ndori Barasa alitazama mapajani mwangu. "Mfuko umekuwa mwepesi." Nikamwambia ndiyo, nikala lile andazi langu la asubuhi, gumu.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilikuwa nimezihesabu dakika zangu usiku na mchana, na sikuwahi kuuliza simu iko wapi ujumbe unapofika. Dakika hizo arobaini bado ni zangu.

Siku mbili baadaye tahadhari ilikuja asubuhi. Chini yake kukatokea jibu lenye jina la Okoth: "Nimepandisha." Nilikaa chini. Kisha nikabadilisha jina, nikaandika Mama Akinyi, Ufuoni, kwa sababu aliyepandisha leso ni yeye. Nikasoma jibu lile mara ya pili, nikavaa glavu, nikaingia chumba cha mizani.