Nilifungua Kamera ya Minza Mchana Kweupe

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikipewa nafasi nitajitetea mpaka mnionee huruma. Msinionee!

Mimi ni mpiga picha hapa Bariadi. Biashara ilipofanywa huria, watu binafsi wakaanza kuleta bidhaa zao, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza mtaani kwetu kuwa na filamu za rangi. Harusi, ubatizo, picha za pasipoti, zote zilikuja kwangu. Nilizoea kuitwa fundi, na nilipenda mno kuitwa hivyo.

Minza, ambalo si jina lake halisi, nilimfundisha mwenyewe. Alikuja studio hajui hata kutia filamu. Nikampa kamera yangu ya pili aitumie. Tulielewana vizuri tu, mpaka yalipoingia mambo ya maua.

Wakati huo kanisani kwetu tulikuwa tunawachangia wakimbizi wa vita waliovuka mpaka kutoka nchi jirani. Watu walitoa mahindi, nguo, sufuria. Minza akasimama mbele ya kina mama akasema yeye atawapelekea picha za maua ya pamba. Nilicheka, jamani! Mtu amechomewa nyumba, unampelekea ua?

Basi akaenda. Alikuwa analala kwa shangazi yake, kijijini Migato, ili asubuhi imkute shambani, kwa sababu ua la pamba likichanua leo ni jeupe, kesho limeshakuwa jekundu na kunyauka. Kila mwenye shamba alichagua ua lake, na picha ikishatoka Minza anaandika nyuma yake: "Ua hili ni la shambani kwa Mama Holo, Migato. Tunawakumbuka." Kina mama waligombana! "Langu ni lile pale, usije ukapiga la jirani!"

Lori la kwanza liliporudi, dereva alisimulia kwamba watu kule kambini walizibandika zile picha ndani ya mahema yao. Mzee mmoja alilishika ua la Mama Holo, akasema hata yeye kwao alikuwa na shamba la pamba, kisha akauliza mvua za huku kwetu zikoje. Jumapili padri akamtaja Minza mbele ya watu wote. Vigelegele kanisa zima!

Kamera yangu! Filamu yangu! Hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama.

Nyumbani nako sikupona. Mke wangu, akiwa anasonga ugali, akaniuliza bila ubaya wowote: "Hivi wewe na kamera miaka yote hiyo, hukuwahi kuwaza kitu kama hicho?" Ugali wenyewe sikuula.

Kilichonimaliza ni mama mmoja wa Lagangabilili aliyeingia studio na mtoto wake amempamba vizuri.

"Mwadila, fundi," akanisalimu kwa Kisukuma. "Minza yupo?"

"Mimi nipo, mayu. Karibu."

"Aa, basi. Nitapita siku nyingine."

Siku nyingine! Mimi niliyemfundisha huyo Minza!

Wiki hiyo hiyo Minza akarudi kutoka Migato, akaweka kamera mezani. "Bado picha mbili tu filamu iishe," akasema, akatoka kununua chai. Nilijua ndani yake kuna maua ya lori la pili. Nikaichukua, nikasogea nayo mlangoni penye jua, nikafungua kifuniko cha nyuma. Nikaifunga tena haraka, nikairudisha pale pale ilipokuwa. Minza akaja na chai akanimiminia kikombe cha kwanza. Nikanywa!

Sasa sikilizeni. Ndani ya kamera zile, filamu inajiviringisha, picha mpya inakaa juu ya zile za zamani. Ukifungua kwa muda mfupi, mwanga unaunguza za juu, na za chini yake zinaweza kupona. Hilo nilimfundisha Minza kwa mdomo wangu. Siku ile wivu ulikuwa umenijaa hadi kooni, sikulikumbuka.

Filamu iliporudi kutoka Mwanza kusafishwa, maua yote yalikuwa yametoka. Yote! Machache yalikuwa na mstari mwekundu pembeni, na kina mama wakasema hayo ndiyo mazuri zaidi. Nilikasirika kwamba hata kuharibu nimeshindwa. Zilizoungua ni za mwishoni tu.

Minza akazipekua picha mara ya pili, kisha akakaa sakafuni.

"Mtoto hayumo," akasema.

"Mtoto gani?"

Ndipo nikaambiwa. Nyuma ya kanisa alikuwa anakaa mkimbizi mmoja, Mama Daria, aliyeletwa mjini pamoja na binti yake mdogo ili mtoto atibiwe. Siku ile Minza alipotoka Migato alipita kuwasalimia, ua mkononi. Mtoto akalidaka lile ua akacheka. Minza akampiga picha, akampiga nyingine. Filamu ikiwa bado Mwanza, mtoto akafariki. Hakuwa na picha nyingine duniani.

Mama Daria alikuja mwenyewe kuifuata. Minza akapiga magoti. "Nisamehe, mayu. Nimekosea mimi. Nadhani kamera sikuifunga vizuri."

Mama yule akamwinua. "Hapana, binti yangu. Wewe ulimchekesha. Tangu tukimbie alikuwa hajacheka."

Mimi nilikuwa nyuma ya meza, nafuta lenzi iliyokuwa safi. Sentensi moja tu ingetosha. Sikuisema!

Mchana ule ule Minza akanirudishia kamera, akaenda zake Migato kulima. Hajaigusa kamera tena. Maua yale yalikwenda na lori la pili; la tatu lilibeba mahindi na nguo tu. Wateja wakarudi kwangu wote, na mimi nikawapokea kwa tabasamu.

Kabla hajarudi kambini, Mama Daria aliingia studio. Akakaa kwenye kigoda, akakunja mikono kifuani, kama vile mama anavyompakata mtoto.

"Nipige hivi," akasema.

"Lakini mikono iko mitupu, mama."

"Najua. Ukiipiga hivi mimi nitamwona."

Nilipiga. Macho yangu yalikuwa yamejaa machozi, sijui hata nililenga vipi, ila picha ilitoka. Alipoichukua aliniombea baraka, mimi na watoto wangu. Watoto wangu! Tangu siku hiyo nikimbeba mtoto wangu wa mwisho nahisi ninashika kitu nisichostahili.

Wewe unayesoma hapa na una mtu wako ambaye akisifiwa unaumia, nakuomba, umia hivyo hivyo lakini mikono yako kaa nayo. Mwambie hata mkeo, akucheke, yaishe. Mimi nilidhani naharibu maua ya mtu anayenizidi. Nikamchukulia mtoto mama ambaye vita ilikuwa imeshamchukulia kila kitu.

Na wewe Minza, wanasema gazeti hili linafika Migato. Hukukosea kitu. Kamera uliifunga vizuri. Niliifungua mimi.