Ng'ombe wa Juu ya Chemchemi

Mimi ninauza chai. Naanza na hilo ili ujue hasira zangu zilitoka wapi. Chai yangu ni ya tangawizi, na mtu akishuka kutoka Nyundo, huko mlimani, na baridi yake mifupani, akinywa kikombe kimoja anasahau alikuwa anakwenda wapi. Lakini masika yale chai ilianza kunuka zizi. Nikiongeza tangawizi, inanuka zizi lenye tangawizi. Wateja wangu wana adabu, hawakusema kitu. Walihamia tu kwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, anayeletewa maji ya kununua, na chai yake, Mungu anisamehe, ni maji ya moto yaliyosikia habari za majani.

Maji tunachota kwenye chemchemi ya kilima chetu. Ina bomba na sakafu ya saruji, na yanayobaki yanateremka mpaka mto Sebeya, Sebeya nao unateremka mpaka ziwani, kwa hiyo uchafu wetu hauishii kwetu. Juu kidogo ya chemchemi kulikuwa na zizi, ndani ya zizi ng'ombe mmoja, na mwenye ng'ombe ni bibi mjane ambaye mtaa mzima tulimwita Mama. Mvua ikinyesha, zizi lote lilishuka kuja kutusalimia.

Afisa wa afya wa sekta, yaani kata yetu, alikuja, akainama bombani, akanusa, akainuka haraka kuliko alivyoinama. Akatamka: ng'ombe ahamishwe kabla masika hayajaisha, la sivyo chemchemi inafungwa. Sasa kiwanja cha Mama chote kilikuwa juu ya maji, hapakuwa hata na kona ya kumsogezea mnyama. Ingebidi aende Kanzenze, kwa mdogo wake Mama. Na yule ng'ombe, nisikufiche, ndiye aliyekuwa mtu wake. Mume alishafariki, watoto wametawanyika na wanapiga simu sikukuu. Kila alfajiri ulimsikia Mama akimgombeza ng'ombe, na ng'ombe akijibu.

Kamati ya maji tulikuwa watatu. Mwenyekiti ni afande mstaafu aliyerudi kutoka Uganda. Wa pili ni fundi cherehani, Mwislamu wa familia ya zamani hapa mjini. Wa tatu ni mimi, mzaliwa wa Karagwe, niliyechaguliwa kwa sababu nina mdomo. Tukaenda wote kumwambia.

"Karibuni, mukae," Mama akasema. Kiswahili chake alikipata Goma, ng'ambo ya mpaka, alikouza maharage miaka mingi. "Maneno iko tu, haiwezi kukimbia. Kwanza munywe."

Akaleta maziwa. Kama hujawahi kuishi kwetu, acha nikueleze. Maziwa hayakataliwi. Ukikataa maziwa ya mtu umemwambia kwamba humtaki, yeye na ukoo wake. Unakaa, unapokea kwa mikono miwili, unakunywa, na ukimaliza unamwambia "Gira inka", yaani uwe na ng'ombe. Tukanywa. Yalikuwa ya mgando, mazito, baridi. Afande akafuta masharubu, akasema Gira inka. Fundi akasema Gira inka. Mimi nikasema kwa sauti kuliko wote. Tulipozinduka tulikuwa njiani. Tumetumwa kumwondoa ng'ombe mmoja, tumeondoka tumemwombea kundi zima.

"Wewe ndiye mwenye mdomo," afande akanilaumu. "Mbona hukusema?"

"Nitasemaje na mdomo ulikuwa umejaa?"

Afande akasema jambo hili linataka mbinu za kijeshi. Maziwa hayanywewi ukiwa umesimama, ni kukosa heshima. Basi yeye atakwenda peke yake na atasimama, hatakaa hata kidogo, na asiyekaa hapewi. Tuliona ni akili kubwa. Tukamsubiri kwangu kibandani. Tukasubiri, tukasubiri. Aliporudi alikuwa anachechemea, na masharubu yake meupe kwa maziwa.

"Amesemaje?" tukauliza.

"Goti," akajibu, akaomba kiti.

Kumbe Mama naye hakukaa. Alisimama mbele yake akaanza kumsimulia ndoa za ndugu zake wote, mmoja mmoja, bila haraka, na afande ana goti bovu tangu ujana wake. Walipofika kwa shangazi, goti likasalimu amri.

Ikabaki kuomba Mungu, na Mungu akaleta Ramadhani. Mwezi ulipoandama, afande alifurahi kuliko sheikh. Fundi amefunga! Fundi hanywi! Tukampeleka adhuhuri, jua la utosi, tukimpigapiga mgongoni kama bondia.

"Uko na funga?" Mama akamwuliza. "Mungu akubariki, mutoto yangu. Mi siwezi kukujaribu."

Hakumpa kitu. Akamkalisha kivulini, akamwuliza hali ya mkewe. Fundi akakohoa, akaanza, "Mama, kuhusu ng'ombe..." Mama akapiga makofi. "Bon! Umenikumbusha!" Akaingia ndani, akatoka na kindoo kimejaa maziwa, kimefunikwa jani la mgomba. Ya futari, akasema, ya watoto. Na tangu siku hiyo kila jioni kindoo kilikuwa kinafika kwa fundi kabla ya adhana. Wiki ya pili fundi akaniambia, kwa upole, huku anashona, kwamba ukifikiri vizuri harufu yenyewe si mbaya sana.

"Si mbaya?" nikafoka. "Njoo unywe chai yangu useme si mbaya!"

"Nimefunga, dada," akasema.

Masika yakawa yanaelekea kuisha. Asubuhi moja niliposhuka kuchota, nikakuta mifuko ya saruji imepangwa kando ya bomba, imefunikwa turubai. Afisa alikuwa hatanii. Nilisimama pale na dumu langu tupu nikaona mwisho wa biashara yangu, na mwisho wa kina mama wote wa kilima wanaochota hapo bure. Damu ikanipanda. Nikaacha dumu, nikapanda mpaka kwa Mama nikiwa na matope hadi magotini.

Akaniona. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Akaninyooshea.

"Sinywi," nikasema.

Hata ng'ombe aliacha kutafuna, au ndivyo nilivyoona mimi. Mama akabaki na mikono hewani.

"Iko nini? Uko na chuki na mi?"

"Sina chuki, Mama. Hiki kibuyu umekiosha kwa maji gani?"

"Ya chemchemi. Maji ingine iko wapi?"

"Na chemchemi iko chini ya nini?"

Ukitaka kumtukana Mnyarwanda wa rika lake, usimguse mama yake. Sema vyombo vyake vya maziwa ni vichafu. Mama alikitazama kibuyu, akakinusa. Halafu akageuka akamtazama ng'ombe, muda mrefu. Nilitaka anipige. Ningependa anipige.

"Toka kwangu," akasema.

Nikatoka. Siku ile niliunguza maandazi na kugombana na kila mtu, na yule jirani wa ng'ambo aliponiuliza kulikoni nikamwambia majani ya chai hayaogopwi, ayatie. Usiku nililia. Nilikuwa nimesema kweli, na nilijisikia mwizi.

Asubuhi nikamwona Mama barabarani. Mkono mmoja ameshika kamba, mwingine mwavuli, na nyuma kijana wa baiskeli anasukuma godoro. Ng'ombe alitembea kwa maringo kama bibi harusi, magari yanampisha. Mama alipita mbele ya kibanda changu bila kugeuza shingo. Tulidhani anamsindikiza. Godoro tuliliona, sote tuliliona, tukasema labda ni la mdogo wake. Siku ya soko hakurudi. Jumapili hakurudi. Ndipo tulipoelewa kwamba ng'ombe hakwenda peke yake.

Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja, mtaa mzima ukatoka na majembe. Zizi tukalibomoa, samadi tukaigawana mashambani, mahali pake tukapanda mianzi na matete. Mvua za mwisho zilinyesha, na bombani yakatoka maji ambayo unaona vidole vyako ndani yake. Afisa akanusa, akanusa tena, akanywa, akabeba saruji yake. Chai yangu ikarudi kuwa chai. Wateja nao wakarudi, kila mmoja akijifanya alikuwa safarini.

Tukaamua kwenda Kanzenze, kamati yote. Kule maji ni ya mvua, yanakingwa kwenye paa, kwa hiyo tukabeba dumu la chemchemi kama zawadi. Afande alilibeba yeye, pamoja na goti lake.

Mama alitupokea vizuri. Amekonda. Akamimina maji kwenye kikombe, akayatazama, akayanusa, akanywa taratibu huku sisi tumekaa kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Iko muzuri," akasema. "Haina harufu."

"Haina, Mama," fundi akasema.

"Donc, basi, harufu ilikuwa ya mi."

Akacheka. Afande akacheka, fundi akacheka, ikabidi nicheke.

"Ilikuwa ya ng'ombe!" nikasema, kwa ukali nisioutaka. "Rudi nyumbani, Mama. Nyumba yako ipo. Mtaa umepoa."

"Na yeye?" akauliza.

Mimi, niliyechaguliwa kwa ajili ya mdomo, nikatazama miguu yangu. Mama akainuka, akalibeba dumu letu mpaka nje, akalimimina lote kwenye beseni. Ng'ombe akaja mbio. Akanywa maji yetu safi mpaka beseni likakauka, akalilamba.

"Unaona?" Mama akaniambia. "Yeye hakatai."