Kamusi Iliyoikataa Pasi

Kwa miaka mingi nimekana kwamba bado namngoja Doreen. Mume wangu alipoona nageuka kila nikisikia sokoni Kiswahili chenye lafudhi ya Kampala, nilimwambia shingo inaniuma. Leo nakiri: shingo ni nzima.

Kilichoniumbua ni simu ya binti yangu. Ana mchezo unaompa herufi chache, naye atafute maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote. Juzi aliniuliza, "Mama, R, O na N?" Nikajibu "orange" kabla hajanyanyua kichwa, na papo hapo ikanijia harufu ya pamba iliyounguzwa kidogo na pasi ya makaa.

Hiyo ndiyo harufu ya baraza letu la utotoni, mtaani Rwezamenyo. Baba alikuwa fundi cherehani. Kila furushi la nguo aliliandikia kwa chaki herufi za kwanza za majina ya mteja, na mimi na Doreen tukazigeuza mchezo: chukua herufi za furushi moja, tafuta neno la Kiingereza lililo nazo zote, hata kama zimetawanyika. Mshindi alipewa mabaki ya vitambaa ya kumshonea mwanasesere.

Doreen alikuwa ametoka Kampala na shangazi yake, wakapanga nyumba iliyotazamana na yetu. Mama yake alibaki huko nyuma, atafuata. Kiingereza kilimtoka kama maji ya bomba. Mimi nilisoma kwa Kifaransa. Kiingereza changu chote kilikuwa "good morning", nacho nilikitumia hata jioni.

Utauliza basi ilikuwaje mimi ndiye nikawa bingwa. Mwamuzi alikuwa baba, na baba hakutoa hukumu bila kamusi. Nyumbani tulikuwa na kamusi moja, nene, isiyo na jalada, na ilikuwa ya Kifaransa. Kwa baba kamusi ilikuwa kamusi, kama mizani ilivyo mizani: haijali unapima mchele au sukari. Kwa hiyo neno la Kiingereza lililokubaliwa kwetu ni lile tu ambalo Wafaransa nao walikuwa nalo. B, R, D: Doreen akasema "bread", likatupwa nje. Mimi nikasema "brigade", likapita. Halafu ikaja siku ya R, O, N.

"Iron," alisema Doreen, ameshanyoosha mkono kuchukua vitambaa vyake.

Baba aliweka pasi pembeni, akalamba kidole, akafunua kurasa. "Hapa haiko."

"Baba Hadija! Hiyo umeweka hapo ni nini?"

"Hii? Ni pasi."

"Eh! Si ndiyo iron hiyo!"

"Mwanangu, mimi naijua. Kitabu ndicho hakiijui."

"Umeshindwa, sha," nikamwambia. "Orange!"

Baba akafunua tena. "Orange iko."

Doreen alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda jikoni kwa mama, kama alivyofanya kila aliposhindwa, na huko akakaa muda mrefu kuliko kikombe cha uji kilivyohitaji.

Baadaye akaacha kuja. Mama yake alifika, wakahamia Gatsata, mtaa mwingine wa mji huo huo, na Gatsata si Ulaya. Ukishuka stendi ya Nyabugogo umeshaiona. Jumamosi baada ya Jumamosi nilikaa barazani nikijifanya nachambua vifungo. Hakutokea.

Nilikuwa sekondari nilipofungua kamusi ya Kiingereza kwa mara ya kwanza. "Iron" ilikuwemo, tena na picha. "Bread" ilikuwemo. Nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikasimama uani kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mtoto alikuja katika nchi asiyowahi kuiona, akiwa na kitu kimoja tu alichokijua kuliko wenzake, na sisi kila siku tulimwambia kitu hicho hakipo. Nikaamini nimejua kwa nini hakurudi. Chuo kikuu nilisomea lugha, nimeandika makala ambazo watu wema wamesinzia nazo, na muda wote huo nimetembea na swali lile lile: je, ni sisi tuliomfukuza?

Binti yangu, aliyechoka kuwa na mama anayelia kwa ajili ya chungwa, alimtafuta mtandaoni, akanipa namba chai ikiwa bado ya moto. Nikapiga.

"Hadija? Hadija wa kwa fundi?" Sauti imekuwa nzito, lakini kicheko ni chake.

Nikamwaga yote kwa pumzi moja: kamusi, mkate, pasi, samahani.

"Kamusi gani tena, sha? Mimi hata sikumbuki nani alikuwa anashinda."

"Sasa mbona hukurudi?"

"Mama yako nilikuwa namwita Mama. Jikoni, tukiwa wawili tu. Wangu alipofika, niliogopa siku moja atanisindikiza kwenu, na mimi nimwite wako hivyo mbele yake. Alikuwa amekaa sana bila mimi, Hadija. Nikaona bora nisikuje."

Niligeuka kutazama mlango wa jikoni.

"Mama yuko?" akauliza.

"Yuko. Yuko hapa kwangu."

"Basi wewe nimekusikia. Mpe simu."